Feni Yazunguka, Skrini Iko Kimya: Kompyuta Iliyogoma Baada ya Kuwekewa Vipuri Vipya

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Kompyuta yetu ya nyumbani iliungwa hapa hapa Mombasa miaka kadhaa iliyopita, ikiwa na mazabodi (ubao mkuu) ya H110, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i3-6100 na RAM (kumbukumbu ya muda) moja ya aina ya DDR4 ya gigabaiti 4. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, na uliporudi pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikatoa moshi na harufu ya kuungua. Mpwa wangu, ambaye yuko chuoni na anayapenda mambo haya, alinishauri kwamba madhali tunafungua kasha, ni bora tuiongezee nguvu papo hapo. Tukanunua pawa saplai mpya, prosesa ya i5-8400 iliyokwisha kutumika, na RAM ya gigabaiti 8. Alivifunga vyote mwenyewe. Sasa tukibonyeza swichi, feni huzunguka kwa sekunde moja au mbili, husimama, kisha huanza tena zenyewe, na skrini haionyeshi chochote. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kidogo akasema mazabodi imeungua, tununue nyingine. Je, tumwamini?
Mama wa watatu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Msinunue mazabodi kwanza. Huenda fundi amesema kweli, kwa sababu pawa saplai inayoungua hadi ikatoa moshi inaweza kuondoka na vifaa vingine. Lakini katika barua yako limo jambo ambalo peke yake linatosha kuigomesha mashine hata kama mazabodi ni nzima kabisa: prosesa ya i5-8400 haikutengenezwa kwa ajili ya mazabodi ya H110.

Kinachowapoteza wengi, wauzaji wakiwemo, ni kwamba prosesa zote mbili, ile ya zamani na hii mpya, hukaa kwenye soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) yenye jina moja, LGA1151. Mwaka 2015 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za kizazi cha sita pamoja na mazabodi za mfululizo wa 100, na H110 ni mojawapo. Kizazi cha saba kilipofuata, kilikubali kufanya kazi kwenye mazabodi hizo hizo na kwenye zile za mfululizo wa 200. Ilipofika Oktoba 2017, kizazi cha nane kilitoka na soketi ya umbo lile lile, ila matumizi ya baadhi ya pini, hasa za kupitishia umeme, yalikuwa yamepangwa upya, na prosesa hizo zikahitaji mazabodi za mfululizo wa 300 kama vile Z370, H310 na B360. Ndiyo maana i5-8400 iliingia bila ubishi mikononi mwa mpwa wako na kishikizo kikafunga vizuri, mfano wa ufunguo unaoingia kwenye kufuli la jirani lakini haulizungushi. Kizazi husomwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i3-6100 ni ya sita, i5-8400 ni ya nane, kuanzia kizazi cha kumi, tarakimu huwa mbili, kama kwenye i3-10100. Mpwa wako akitafuta mtandaoni ataona watu waliofaulu kuilazimisha ndoa hii kwa kuhariri BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) na kuziba baadhi ya pini, lakini huo ni mchezo wa wenye mazabodi za kuharibu, na mashine ambayo watoto wanaifanyia kazi za shule haifai kuingizwa humo.

Kosa la pili ni la utaratibu. Vipuri vitatu vilibadilishwa kwa mkupuo mmoja, tena kwenye mashine iliyokuwa imetoka kupata ajali ya umeme, hivyo sasa hamwezi kujua ni kipi kinachogoma. Dawa yake ni kurudi nyuma: prosesa ya zamani, RAM ya zamani, na pawa saplai mpya peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyolazimika kubadilishwa. Diski zote zing'olewe, na kila kilichochomekwa kwenye matundu ya USB kitolewe isipokuwa kibodi. Kompyuta haihitaji diski ili kuonyesha picha ya kwanza kwenye skrini, na kadiri vifaa vinavyopungua ndivyo washukiwa wanavyopungua.

Kabla ya kugusa chochote, waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi. Kisha bonyezeni swichi ya kuwashia kompyuta kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Mpwa wako aguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kifaa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na umeme tuli hausumbui hapa kama unavyosumbua kwenye maeneo yenye hewa kavu, lakini tahadhari hii haigharimu kitu. Kwenye mazabodi kuna betri ya mviringo aina ya CR2032. Itolewe kwa dakika kadhaa kisha irudishwe, ili mazabodi isahau mipangilio yote ya zamani na kuanza upya.

Prosesa ya i5 itakapotolewa, nakusihi msiharakishe kuweka ile ya zamani. Katika soketi hizi pini ziko kwenye mazabodi, si kwenye prosesa, nazo ni 1151, nyembamba kiasi kwamba kidole kikizigusa zinapinda. Mpwa wako aimulike soketi kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja, kwa mshazari, halafu aizungukie taratibu. Pini zilizo salama hung'aa zote kwa mwelekeo mmoja, safu kwa safu. Ile iliyopinda huonekana kama nukta nyeusi, au hung'aa wakati wenzake wamefifia. Akiiona moja ya namna hiyo, asiinyooshe kwa kisu cha jikoni. Kazi hiyo hufanywa kwa sindano nyembamba na kioo cha kukuzia, na mwenye mkono uliotulia. Zikiwa zote zimenyooka, prosesa ya zamani irudishwe kwa kulinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo pembeni mwake na alama iliyoko kwenye soketi. Iwekwe tu ikae yenyewe, bila kusukumwa.

Grisi ya kupozea iliyokauka ifutwe kwa spiriti, kisha litiwe tone dogo jipya katikati. Miguu minne ya feni ya Intel ibonyezwe kwa kupishanisha pembe, na kila mguu uitikie kwa mlio wake. Wengine wangekwambia kwamba mashine inajizima kwa joto. Siamini hivyo, kwa sababu hata prosesa iliyofungwa bila grisi kwa kawaida hupata muda wa kuonyesha picha kabla ya kujizima, ilhali yenu haifiki hata sekunde tatu.

Sasa tuje kwenye nyaya za pawa saplai, ambako ndiko nimeona makosa mengi zaidi kuliko kwingine kokote. Mazabodi hulishwa na plagi mbili, si moja. Ya kwanza ni ile pana yenye matundu 24, ambayo kila mtu huiona. Ya pili ni ndogo, huingia karibu na prosesa kwenye kona ya juu, na kwa mazabodi nyingi za H110 ina matundu manne tu. Plagi hii ya pili ikisahauliwa, feni zinaweza kuzunguka vizuri na taa zikawaka, lakini prosesa haipati umeme na skrini hubaki kimya, au mashine huwaka na kuzima kama yenu inavyofanya. Pawa saplai mpya huja na plagi ya matundu manane inayogawanyika mara mbili, na nusu moja ndiyo inayoingia kwenye mazabodi yenu, huku nusu nyingine ikining'inia bila kazi. Isichanganywe na plagi ya kadi ya grafiki (kadi ya kutengeneza picha), ambayo nayo inaweza kuwa na matundu manane lakini hugawanyika sita na mawili, na ambayo nyaya zake za volti 12 na za ardhi zimepangwa kinyume. Umbo la vijitundu vyake limetengenezwa makusudi ili isiingie mahali pasipo pake. Anayeilazimisha kwa nguvu huweza kuiunguza mazabodi. Tazameni maandishi kwenye plagi yenyewe: ya prosesa imeandikwa CPU, ya kadi ya grafiki imeandikwa PCI-E.

Kwa upande wa RAM, itolewe na irudishwe hata kama inaonekana imekaa. Mazabodi nyingi za siku hizi zina kishikizo upande mmoja tu, na mtu husikia mlio wa upande huo akadhani amemaliza, ilhali upande wa pili umeinuka kwa unene wa ukucha. Ibonyezwe kwa vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, hadi mstari wa dhahabu unaoonekana juu ya tundu uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ile RAM mpya ya gigabaiti 8, mkiwa na hakika ni DDR4, itafanya kazi hata kama imeandikwa kasi ya 3200, kwani itashuka yenyewe hadi kasi ambayo mazabodi na prosesa zinaikubali, yaani 2133 kwa i3-6100. Ikiwa ni DDR3, pengo lake halitalingana na ukuta mdogo ulio ndani ya tundu, na hapo hakuna mjadala, irudishwe dukani.

Baada ya hayo, washeni. Mashine ikionyesha picha kwa i3 ya zamani, basi mazabodi ni nzima, pawa saplai mpya ni nzima, na fundi aliyewaambia mnunue nyingine alisema haraka kuliko alivyotazama. Zimeni, chomoeni, ongezeni RAM mpya, mwashe tena. Halafu diski, mwashe tena. Kimoja kimoja, bila kuruka hatua.

Ikiendelea kuwaka na kuzima hata kwa vifaa vya zamani, jaribuni RAM kwenye tundu la pili, kisha jaribuni ile mpya peke yake. Hali ikibaki vile vile, azimeni pawa saplai inayofanya kazi kwenye kompyuta ya jirani kabla ya kuihukumu mazabodi, kwa maana kipuri kuwa kipya si ushahidi kwamba ni kizima. Hapo ndipo mazabodi itakapokuwa mshukiwa wa kweli, na maneno ya fundi yatakuwa na uzito.

Ikiwa haifanyi chochote kabisa, hata feni haitikisiki, basi tumebadilisha swali, na majibu yake yako kwenye umeme. Angalieni swichi iliyo nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya pawa saplai za bei ya chini zina swichi nyingine nyekundu yenye nambari 115 na 230. Hapa kwetu, ambako umeme wa nyumbani ni volti 240, lazima ikae kwenye 230, na anayewasha ikiwa kwenye 115 husikia mlipuko. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima waya wa zambarau kwenye plagi kubwa wakati mashine imezimwa lakini waya wake umechomekwa ukutani: lazima kuwe na volti 5, ikipanda au kushuka isizidi robo volti. Mashine ikiwashwa, waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Pawa saplai nyingi mpya zina nyaya nyeusi tupu, na hapo itabidi mhesabu matundu kwa kufuata mchoro. Wakati mwingine kosa ni swichi ya mbele ya kasha tu: kwenye mazabodi tafuteni pini mbili zilizoandikwa PWR SW au PWRBTN, ng'oeni waya wake, mziguse pini hizo kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi. Ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Pawa saplai yenyewe msiifungue kamwe, hata ile iliyoungua, kwa kuwa kapasita zake (vihifadhi umeme) zinaweza kushikilia zaidi ya volti 300 baada ya kuchomolewa.

Kuhusu i5-8400, rudini kwa muuzaji na risiti yenu. Mwambieni mnataka i5-6500, ambayo ni ya kizazi cha sita na itakubali moja kwa moja. Akiwa na i5-7500, nayo inafaa, ila mazabodi za H110 zilizotengenezwa mwanzoni huhitaji BIOS isasishwe kwanza, na kazi hiyo hufanywa i3 ya zamani ikiwa bado imo ndani. Chagueni wakati umeme umetulia, au tumieni UPS (betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika), kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi inaweza kukataa kuwaka, na hapo maneno ya yule fundi yatatimia kwa njia nyingine. Maoni yangu mwenyewe, kama matumizi ni ya masomo, ni kwamba i3 yenu ikiwa na RAM ya gigabaiti 12 na diski ya SSD (diski ya kasi isiyozunguka) itawaridhisha kuliko mnavyodhani. Fedha ya prosesa ingefaa zaidi kwenye hiyo SSD na kwenye kifaa cha kudhibiti umeme.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nilikuwa na mashine ya i3-10100 isiyokuwa na kadi ya grafiki, ikifanya kazi bila tatizo. Nimebadilisha prosesa tu, nikaweka i5-10400F kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Feni zinazunguka bila kusimama, taa ya kibodi inawaka, lakini monita inasema hakuna mawimbi. Nimebadilisha kebo ya HDMI bila mafanikio.
Kijana wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kebo yako haina hatia. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa za Intel inamaanisha kwamba haina sehemu ya kutengeneza picha, na unafuu wa bei ulitokana na hilo. Tundu la HDMI lililo kwenye mazabodi yako halina wa kulilisha tena. Una njia mbili: utafute kadi ya grafiki, hata ndogo ya zamani, uichomeke na uunganishe monita kwenye kadi hiyo wala si kwenye mazabodi, au ubadilishane na i5-10400 isiyo na F. Kama hukusudii kucheza michezo mizito, njia ya pili ndiyo ya busara.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mstaafu, naishi Mji wa Kale karibu na bahari. Kompyuta yangu ni ya ofisini, iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Kila nilipoiwasha ilikuwa imesahau saa na tarehe, ndipo nikabadilisha betri yake ndogo kwa mkono wangu. Sasa inawaka, inaonyesha nembo, kisha Windows inaleta skrini ya buluu na kuanza upya bila kikomo. Kijana mmoja anataka kufuta kila kitu aweke Windows mpya. Humo nina picha za familia.
Mzee wa Mji wa Kale

JIBU: Salaam, mzee wangu. Usikubali ifutwe. Picha zako kwa kila dalili zipo salama. Ulipotoa betri, BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye baadhi ya kompyuta za ofisini mpangilio huo huiweka diski katika hali ya RAID, ilhali Windows yako iliwekwa wakati diski ikiwa katika hali ya AHCI; hizo ni njia mbili tofauti za mashine kuwasiliana na diski. Windows ikikuta hali imebadilika, hushindwa kuisoma diski na kuleta hiyo skrini ya buluu. Iwashe, na papo hapo ubonyeze F2 kwa kurudiarudia. Kwa mashine nyingine ni Delete au F10. Tafuta sehemu inayohusu SATA (muunganisho wa diski), ubadilishe RAID iwe AHCI, uhifadhi, uache iwake. Ikiwa uliikuta tayari iko AHCI, jaribu kinyume chake. Kubadilisha huku peke yake hakufuti diski. Kama badala ya skrini ya buluu ungeona ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, ungetazama sehemu ya kuwashia na kubadilisha kati ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia) na mfumo wa zamani (Legacy).

Ukitaka kufungua kasha, zima na uchomoe kwanza, kisha tazama kibati kinachoshika betri. Kwenye nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, chumvi na unyevu huacha utando wa kijani kwenye vibati vya namna hiyo, na betri mpya iliyokaa juu ya utando huo itasahau saa kama ile ya zamani. Ufute kwa kitambaa kilicholowekwa spiriti kidogo, uache ukauke kabisa. Betri ikae maandishi yakiwa juu kwenye mazabodi ambazo huilaza, na ukipata mita, ipime: inayosoma chini sana ya volti 3 ibadilishwe hata kama umeinunua jana. Windows ikishafunguka, nakili picha zako kwenye diski ya nje kabla ya jambo lingine lolote, kisha uweke tarehe sahihi, kwa maana tarehe ikibaki ya miaka ya nyuma kivinjari kitakataa kufungua tovuti nyingi, za benki zikiwemo, kwa madai kwamba si salama.